Posa Isiwe Mtego



Ndugu msomaji, barua iliyo mbele yangu wiki hii imetoka Ifakara. Mwandishi wake ni kijana mnunuzi wa mpunga. Mengine yanayomhusu nimeyaacha kwa ombi lake. Anataka kumposa binti anayefundisha shule ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Wazee wa pande mbili wanajuana, hakuna kizuizi cha dini wala cha nasaba, na mahari anayo. Shida aliyoniandikia ni moja tu. Anataka kufanya kile ambacho vijana wa leo hukiita "sapraizi", na binti ameshashuku.

Mpango wenyewe ni huu. Ijumaa jioni, binti anaporejea Ifakara kutoka kazini, gari lisimamishwe juu ya Daraja la Magufuli. Rafiki zake watakuwa wamejipanga ukingoni na simu zao tayari. Kijana atajitokeza, atapiga goti, atatoa pete, na picha zitarushwa mitandaoni kabla ya Magharibi. Mdogo wake binti ndiye aliyepewa kazi ya kupima kidole kwa uzi, naye, kama walivyo wadogo wote, hakumaliza siku tatu kabla ya kulisema. Tangu hapo binti amekuwa akitabasamu peke yake, na mara mbili amemuuliza kijana, "Kuna jambo unanificha?" Mara zote mbili kijana amekana. Sasa rafiki yake mmoja amemshauri amnunie binti kwa wiki mbili, asipokee simu zake, ikibidi azushe ugomvi, ili ile shuku imtoke na siku ya darajani imkute hana habari. Anataka nimwambie kama ushauri huo unafaa.

Haufai, mwanangu. Na kabla ya kukupa hoja, nitakupa kisa, kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa zama zile ambazo Mto Kilombero ukivukwa kwa kivuko. Nilikuwa mmoja wa washenga watatu tuliotumwa kutoka Morogoro mjini kupeleka barua ya posa katika kijiji kimoja kilicho mbele ya Lupiro. Kijana aliyetutuma alikuwa akifanya kazi upande wa Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Alimfahamu binti kupitia kaka yake, na Idi moja alimtupia maneno mawili matatu ya kuonyesha nia, maneno ambayo mwenye akili huyaelewa. Baada ya hapo akanyamaza. Hakunyamaza kwa kubadili nia, la hasha. Alinyamaza kwa makusudi, akikusanya fedha, ili siku moja baada ya mavuno washenga watokee mlangoni na mahari kamili, na binti apigwe na butwaa. Alitueleza hayo huku akicheka kwa furaha, nasi tukacheka pamoja naye.

Wanaolijua bonde lile wanajua maisha yake. Mvua zinapoanza, familia nyingi huhama mjini na vijijini zikaenda kukaa mashambani, kwenye madungu, kwa miezi. Kuna kupalilia, kisha kuna kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe pori, hadi uvunwe. Ni miezi mirefu. Mtu aliyenyamaziwa hupata muda mwingi wa kufikiri kwa nini amenyamaziwa.

Wakati wa mavuno ikaja posa nyingine katika nyumba ile, kutoka kwa watu wema. Baba hakumlazimisha mwanawe. Alifanya kama inavyopasa, akamtuma bibi yake amuulize faraghani. Bibi akamuuliza, "Kuna mtu unayemngoja?" Binti akajibu, "Sijui kama yupo." Baada ya siku kadhaa akaulizwa tena, akakaa kimya, na kimya chake kikapelekwa kuwa jibu.

Sisi tulifika majuma machache baadaye. Barua yetu ilikuwa imefungwa ndani ya leso mpya pamoja na fedha ya kufungulia barua. Mwenye nyumba alitukaribisha, akatulisha wali wa mpunga mpya na perege, akangoja tunawe mikono, ndipo akatuambia kwa upole kwamba binti ameshaposwa na jibu limeshatolewa. Hapakuwa na la kujadili. Mtume (s.a.w.) amekataza Mwislamu kuposa juu ya posa ya ndugu yake mpaka huyo wa kwanza aache au atoe idhini. Kiongozi wetu, mzee mwenye busara zake, akairudisha barua katika mfuko wa kanzu bila kuifungua, akawaombea dua wale waliotutangulia. Sikumwona binti. Nilichosikia tulipokuwa tukivaa viatu ni sauti ya bibi kutoka ndani ikisema, "Wamechelewa."

Tulipofika mtoni kivuko kilikuwa upande wa pili, tukangoja muda mrefu nyuma ya malori ya mpunga bila ya mtu kuzungumza. Kesho yake tulimkuta kijana akitusubiri. Alipoelezwa aliuliza swali moja: "Mbona hakuniambia?" Yule mzee akamuuliza naye, "Yeye alikuuliza mara ngapi?" Kijana akainama. Kumbe miezi ile yote binti alikuwa amempelekea salamu mara tatu kupitia kwa kaka yake, na salamu zote tatu hakuzijibu, asije akaharibu mshtuko aliouandaa.

Ndiyo maana niliposoma kwamba mchumba wako mtarajiwa ameshauliza mara mbili, nilishtuka mimi kabla yake. Wewe umeiona shuku ya binti kuwa ni kasoro katika mpango. Mimi nimeiona kuwa ni swali. Binti mwenye haya hawezi kumwambia mwanamume waziwazi, "Nijulishe kama utaniposa, maana wapo wengine wanaouliza." Anasema, "Kuna jambo unanificha?" Anayemjibu kwa kukana amempa uongo mahali alipoomba taarifa ya maisha yake. Na anayezusha ugomvi wa bandia amempa huzuni ya kweli, kwa sababu yeye hajui kwamba ugomvi ni wa bandia. Wiki mbili za kununa kwako ni mchezo. Kwake ni wiki mbili za kujiuliza amekosa nini.

Tuje kwenye daraja. Nakiri ni mahali pazuri. Urefu wake ni mita 384, na tangu lizinduliwe rasmi mwaka 2018 adha ya kivuko tumeisahau. Lakini ni barabara ya watu, yenye mabasi, malori na baiskeli, na kusimamisha gari katikati yake kwa ajili ya picha ni kuwahatarisha wenzenu. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba juu ya daraja hilo binti hatakuwa na pa kwenda. Mbele yake amepiga goti mwanamume, pembeni zipo simu kumi zinazomrekodi, na abiria wamechungulia madirishani wakipiga makofi. Atasema nini? Akisema ndiyo, hakuna ajuaye kama ameikubali ndoa au amekimbia aibu. Akisema hapana, au hata akisema "nipe muda nifikiri", maneno ambayo ni haki yake kabisa, Ifakara nzima itakuwa imeyaona kabla ya Isha, na yeye Jumatatu ana darasa la kufundisha.

Wengi hukimbilia kusema kwamba kimya cha mwanamwali ni idhini yake. Kweli, hadithi hiyo ni sahihi, imo kwa Bukhari na Muslim. Lakini tuangalie ilikuja kwa sababu gani. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mwanamwali asiozwe mpaka aombwe idhini, akaambiwa kwamba huona haya kusema, naye akabainisha kuwa kunyamaza kwake ni idhini. Huko ni kumhurumia mwenye haya asilazimishwe kutamka. Hakukuwa kumpa mwulizaji njia ya mkato. Kimya hicho kina maana pale tu ambapo angetaka kukataa angeweza: chumbani kwa mama, kwa bibi, kwa shangazi, mahali ambapo hapana atakayecheka. Kimya cha mtu aliyezungukwa na kamera ni kitu kingine. Na tusisahau kisa cha Khansaa bint Khidaam (r.a.), aliyekuwa ameshaolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza asipopataka. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika, na ndoa ile ikabatilishwa. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 nayo inataka kila upande uwe umeridhia kwa hiari yake, na inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe si chini ya siku 21 kabla ya ndoa. Hata serikali, kwa ufupi, haipendi kushtukizwa.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu anataka kuwanyima vijana furaha. Sivyo. Katika sira ya Mtume wetu (s.a.w.) imo posa ambayo mwenye kuombwa alishuku kabla ya mwombaji kufungua kinywa, na ni katika posa nzuri kuliko zote tunazozijua. Wanahistoria wanasimulia kwamba Ali (r.a.) alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akitaka kumposa Fatima (r.a.), akakaa mbele yake, haya ikamziba ulimi. Aliulizwa haja yake, akanyamaza. Ndipo Mtume (s.a.w.) mwenyewe akamsaidia kwa kumuuliza kama pengine amekuja kumposa Fatima. Ali akasema ndiyo. Kisha akaulizwa ana nini cha kutoa mahari, ikapatikana deraya yake ya vita. Na bado jambo halikuishia kwa baba: Fatima aliarifiwa kwamba Ali amemtaja, naye akanyamaza kimya kile cha nyumbani nilichokieleza. Tazama jinsi shuku ilivyokuwa rehema hapo. Ilimfungulia mlango mwenye haya, badala ya kumharibia.

Na ukitaka mpangilio wa nani aambiwe kwanza, umo katika habari ya Sawda bint Zam'a (r.a.). Mshenga alikuwa mwanamke, Khawla bint Hakim (r.a.). Aliingia kwa Sawda mwenyewe, akampa habari ya kwamba Mtume (s.a.w.) amemtuma kumposa, na Sawda ndiye aliyemwelekeza aende kwa baba yake. Sawda alikuwa mjane, mtu mzima, na habari ile bila shaka ilimfikia ghafla. Lakini ilimfikia nyumbani kwake, kwa mdomo wa mwanamke mwenzake, akiwa na nafasi ya kusema atakalo. Kumbe kushtukizwa na kusitiriwa vinaweza kwenda pamoja.

Sasa nikupe mpango wangu, mwanangu, nawe utauchuja.

Kwanza acha kukana. Akikuuliza tena, mwambie, "Lipo jambo, ni la heri, na litakufikia kwa njia yake." Hapo hujasema yote wala hujasema uongo. Halafu punguza kuzungumza naye wewe mwenyewe. Nimeona katika barua yako kwamba simu za usiku ni nyingi, nami ningekuwa baba yako ningekuambia kwamba huyo bado si mkeo.

Wiki hiyohiyo mwambie mama yako. Nashangaa kwamba rafiki kumi wanajua siri hii na mama hajui. Mama atamtafuta shangazi, na shangazi atakwenda kwa bibi yake binti au mama yake mdogo, siku ambayo haina shughuli, kwa kisingizio cha kusalimia. Kina mama wa Ifakara hawahitaji kufundishwa namna ya kulifikisha neno kama hilo kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Binti ataulizwa usiku, wewe ukiwa mbali, wala hatakiwi kujibu usiku huohuo. Apewe muda wa kuswali istikhara. Wewe nawe uswali, maana wengi hudhani istikhara ni ya mwanamke peke yake. Jibu likiwa la kukataa litafia ndani ya nyumba, nawe utaendelea kununua mpunga bila ya mtu kukunyooshea kidole. Umelipima hilo? Darajani ungelipata mbele ya abiria wa mabasi mawili.

Shangazi apeleleze jambo la pili: binti mwenyewe angependa mahari gani. Mahari ni haki yake, si ya baba wala ya wajomba, na Qur'ani katika Suratun Nisaa imeagiza wanawake wapewe. Hapa ndipo penye mshtuko unaoutafuta. Mabinti wengi wa siku hizi hutajiwa mahari kubwa siku ya ndoa, wakapewa robo, na salio likageuka deni lisilolipwa mpaka mauti. Wewe peleka yote, mkononi, siku ya kwanza. Kama ametaja msahafu na cherehani, basi msahafu na cherehani viingie mlangoni pamoja na washenga. Nakuhakikishia watu watalizungumza hilo kutoka Kibaoni mpaka Mlimba.

Ila fedha hiyo usiipate kwa kuuza mpunga ungali mbichi shambani. Wewe ni mnunuzi, unajua vizuri zaidi yangu bei anayopewa mkulima anayeuza kabla ya kuvuna. Usije ukawa umeingia upande wa pili wa mizani ileile kwa sababu ya pete. Ngoja mavuno yauzwe. Mwezi mmoja wa kungoja si kitu, maadamu binti anajua kwamba kuna anayekuja.

Siri zitakazobaki ni nyingi tu, na zote ni halali. Hahitaji kujua ni siku gani washenga watafika, wala nani atawaongoza. Kama yupo mwalimu wake wa madrasa anayemheshimu tangu utotoni, mwombe awe msemaji wenu. Binti atakapoisikia sauti ile barazani akiwa ndani na kina mama, hapo atashtuka kuliko daraja lolote. Pete nayo ipelekwe siku hiyo kama zawadi. Sioni ubaya wake, ila wewe si wa kumvisha, kwa kuwa kabla ya akdi mkono wake hauhusiki na wako. Mama yako amvishe. Na yaandikwe vyema yaliyopelekwa, zawadi kando na mahari kando, mbele ya mashahidi. Sheria niliyoitaja inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa, na ugomvi wa namna hiyo ni mchungu zaidi pale kila mmoja anapokumbuka kivyake.

Nina neno pia kwa wazazi, maana wapo wanaojulishwa mipango hii wakaiona ya kupendeza, wakakubali kumpeleka binti yao ukumbini kwa hila, amevalishwa vizuri, hajui analoitiwa. Mzazi ambaye ameshajua, kazi yake ni kumuuliza mwanawe usiku wa kabla. Hatapoteza kitu. Kama binti anamtaka kijana, kesho yake atatabasamu vilevile. Na kama hamtaki, mzazi ndiye mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumwepusha na jukwaa lile.

Kuhusu swali lako la mwisho, la rafiki zako waliokwishalipia mpiga picha: waambie fedha haijapotea. Siku ya pili baada ya ndoa, insha-Allah, mchukue mkeo mwende mtoni, msimame pembezoni na si katikati ya barabara, mpigwe picha hata mia. Goti nalo upige ukipenda. Atakuwa anajua utakalosema, na hatakuwa na haja ya kulijibu.